Vazi, Sahani na Kiasi Msimu wa Tamasha



Kila ufikapo mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi ukiwa bado unavuma na jua la kiangazi likiupiga Mji Mkongwe bila huruma, vichochoro vyetu hujaa watu kuliko kawaida. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, huwaleta wanamuziki na wasikilizaji kutoka pande nyingi za Afrika na nje yake, na jukwaa lake kubwa husimamishwa ndani ya kuta za Ngome Kongwe, hatua chache tu kutoka bustani ya Forodhani. Ukifika katikati ya mwaka huja tamasha la filamu la nchi za majahazi, linalofanyika tangu 1998, na kule Makunduchi mwezi wa Julai huja Mwaka Kogwa. Tukiongeza na Idi zetu mbili, tunaona kwamba kwa mwaka mzima familia ya Unguja haikosi siku ambazo watoto husimama mlangoni wakiuliza mambo mawili: tutavaa nini, na tutakula wapi?

Maswali hayo hutufikia na sisi tunaotumikia kamati ya msikiti. Baada ya sala, mzee mmoja huuliza kama inafaa kumruhusu binti yake kwenda na wenzake. Mama mmoja hutuma ujumbe kwamba fedha za mwezi zimekwisha kwa nguo na chakula cha nje. Kijana huuliza kwa nini yeye anasemwa kwa suruali yake ilhali mgeni anapita nusu uchi na hapana anayemwambia neno. Tumeona ni vyema wiki hii tuyakusanye maswali haya mahali pamoja, kwani tukiyatazama vizuri tutayakuta kuwa ni swali moja.

Kwanza tuseme lisilo letu. Suala la ala na nyimbo wanazuoni wamelizungumza kwa karne nyingi, wakakubaliana katika mengine na kukhitalifiana katika mengine, na ukurasa huu wa familia si mahali pa kutolea fatwa. Mwenye kutaka hukumu na amwendee sheikh wake. Yanayotuhusu hapa ni yale yasiyokuwa na khitilafu: kwamba Muislamu hutoka nyumbani kwake akiwa amesitirika, hula kilicho halali, hatumii zaidi ya uwezo wake, na haikosi sala kwa sababu ya starehe. Haya yanamlazimu anayekwenda tamashani, anayepita tu njiani, anayeuza mishikaki nje ya lango, na hata aliyebaki nyumbani akilaani.

Katika aya ya 31 ya Suratul-A'raaf, Mola wetu ametukusanyia mambo haya mahali pamoja. Anatuamrisha kuchukua pambo letu kila tuendapo kusali, kisha anatuhalalishia kula na kunywa, kisha anatukataza israfu. Vazi, chakula, kinywaji na kiasi vimeshikana katika aya moja. Aya chache kabla ya hiyo, ya 26, imetaja vazi lisiloshonwa na fundi, nalo ni vazi la uchamungu, ikalifanya kuwa ndilo bora zaidi. Hatujui mizani nzuri kuliko hiyo kwa baba na mama wanaotaka kujua lipi waruhusu na lipi wakataze.

BANGO LILILOANDIKWA MARA TATU

Tuwape wasomaji kisa kilichotufundisha sisi wenyewe kabla ya kuwafundisha wengine. Katika msimu mmoja wa tamasha, jioni ya Ijumaa, mgeni mmoja wa kike alikuja kupumzika kwenye baraza la msikiti wetu. Joto lilikuwa kali, na nguo yake ilikuwa fupi. Hakujua kama pale ni msikiti, kwani misikiti mingi ya Mji Mkongwe haina mnara, na mlango wake hufanana na milango ya majirani. Vijana waliokuwa wamekaa upande wa pili wakampigia kelele. Mgeni yule akainuka kwa fedheha, akakaribia kulia. Kabla hajaondoka, bibi mmoja wa mtaa akatoka nyumbani kwake na kanga, akamfunika magoti, akaketi naye barazani mpaka akanywa maji.

Wiki ile kamati ikakutana. Rai iliyopata nguvu ilikuwa kwamba liandikwe bango, na kazi ya kuliandika ikatuangukia sisi wa uandishi. Tuliandika kwa hasira, na neno la kwanza lilikuwa "marufuku". Tukaorodhesha yasiyotakiwa, tukaona tumeutetea msikiti.

Mzee wetu mmoja, mkubwa wa umri kuliko wote kikaoni, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na wale vijana waliopiga kelele, wao walikuwa wamevaa nini?" Kikao kikanyamaza. Wawili kati yao walikuwa wametoka kupiga makachu pale Forodhani, kuchupa baharini kutoka ukutani, na walikuwa wamekaa mbele ya msikiti na bukta zilizorowa, zimepanda juu ya magoti. Mzee akatukumbusha tunayoyajua sote: kwamba jumhuri ya wanazuoni wetu wanahesabu sitara ya mwanamume kuwa ni baina ya kitovu na magoti, na kwamba katika Suratun-Nuur amri ya kuinamisha macho imewashukia wanaume kwanza, katika aya ya 30, ndipo aya ya 31 ikawageukia wanawake. "Tumeanza na aya ya pili," akasema, "ya kwanza tumeiruka."

Bango likaandikwa upya, na likaandikwa tena. Lililotundikwa nje linasema, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: Karibu. Hapa ni nyumba ya sala. Tunakuomba ufunike mabega na magoti upitapo. Ukihitaji maji au kanga, bisha mlango wa pili. Na ndani, mahali ambapo anayetoka huvaa viatu vyake, tukatundika jengine dogo kwa ajili yetu: Inamisha macho. Sitiri goti. Sema karibu.

Kina mama wa mtaa walileta kanga zao za zamani, tukaziweka nyumba ya pili. Katika msimu uliofuata wageni wengi waliazima na kurejesha, wengine wakiwa wamezikunja vizuri kuliko walivyozipokea. Mbili hazikurudi. Bibi aliyezitoa hakukasirika. Alisema kanga zake zimekwenda kutembea.

KUJISITIRI NI UTU

Wapo vijana wetu wanaodhani kwamba kujisitiri ni mzigo waliotwishwa na wazee wasiopenda raha. Tunawaomba waisome historia ya mji wao. Katika zama za utumwa hapa Unguja, nguo ilikuwa alama ya daraja ya mtu. Kwa ada ya zama zile, mtumwa alivaa kipande cha merikani au kaniki, wala hakufunika kichwa wala hakuvaa viatu kama waungwana. Mwaka 1897 utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba, miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyoyafanya wengi wa waliopata uhuru ni kubadili mavazi. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Wanawake wakajifunga kanga, wakajitanda na vichwani, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini buibui likaenea kwa wanawake wa kila tabaka, likawafanya mke wa tajiri na mke wa mchukuzi wapite njia moja bila ya kutofautishwa kwa nguo.

Bibi zetu basi hawakujifunika kwa kushurutishwa. Wengi wao walijifunika kwa kuwa hapo kabla walizuiwa, na mtandio ulikuwa ni kusema: na mimi ni mtu. Binti akilijua hili, huenda akauona ushungi wake kwa jicho jengine. Na baba akilijua hili, huenda akaacha kuutumia ushungi kama fimbo, kwani kilichoanza kuwa heshima hakifai kugeuzwa kuwa adhabu.

NINI KIVALIWE

Sasa tuje kwenye kabati. Joto la Februari ni la kweli na sheria haikutaka mtu azimie. Makosa makubwa tunayoyaona ni ya kitambaa, si ya mshono. Mabaibui mengi yanayouzwa siku hizi ni ya nyuzi zisizonyonya jasho. Humkaa mtu mwilini kama nailoni na kumchemsha. Mwenye kununua kwenye maduka ya Mchangani au Darajani na aulize pamba, aliguse, aliangalie mbele ya mwanga kama halionyeshi. Dira pana la pamba lenye mikono mirefu, na mtandio wa pamba nyepesi, vinamtosha mwanamke kwa usiku wa Forodhani kuliko baibui zito lenye vito vinavyomwaya. Rangi nyepesi hupoza, ila ile inayoonyesha ihitajie shumizi ndani. Na doti moja ya kanga kwenye mkoba ni akiba isiyoshindwa: hutandwa, hukaliwa, hufunikwa mtoto aliyelala, na husaliwa juu yake Maghribi ikikuta mtu njiani.

Wanaume nao wasijione hawahusiki. Kanzu nyeupe na kofia ya mkono ni vazi lililotengenezwa kwa ajili ya joto hili hili, na halijawahi kumkosesha mtu heshima popote kwenye mwambao. Asiyetaka kanzu, shati la pamba na suruali isiyombana vinatosha. Bukta ya kuogelea ibaki kuwa ya kuogelea.

Viatu pia vina hesabu yake. Mawe ya vichochoro vyetu yamelainishwa na nyayo za karne nyingi, na kiatu cha kisigino kirefu humdhalilisha aliyekivaa kabla hajafika Ngome Kongwe. Makubadhi ya ngozi yaliyofungwa vizuri ndiyo yanayofaa. Watoto wafungwe kitambaa cha rangi moja mkononi na waonyeshwe mahali pa kukutana wakipotea, mfano lango la Ngome, kwani usiku wa tamasha hata mtu mzima hupoteza wenzake. Ama udi na asmini, kina mama wanajua mafunzo ya dini kuhusu manukato makali kwenye mikusanyiko. Vikuba vyao vina nyumba zao.

Liko na jambo la sare. Zamani sare ilikuwa ni ya harusi, nayo ilikuwa na wema wake: ilionyesha umoja wa jamaa. Sasa tunawaona mabinti wanakubaliana sare ya kila tembezi, na asiye na uwezo huona haya kusema hana. Baba hukopa, mama huuza kitu cha ndani. Pambo lililopatikana kwa dhiki ya nyumba nzima limeshatoka kwenye aya tuliyoianza nayo. Tunawaomba kina mama wawe wa kwanza kusema: nani kati yenu atashindwa? Akiwepo mmoja, sare hiyo iachwe.

BINTI MWENYE NGUO MBILI

Baba mmoja alitujia baada ya tamasha, uso umemshuka. Alikuwa amemkataza binti yake kutoka, neno moja tu, hapana, na mjadala ukafungwa. Binti akaomba ruhusa ya kwenda kwa shoga yake kudurusu masomo, akaenda na nguo nyengine ndani ya mkoba. Jirani akamuona usiku Forodhani kwa vazi ambalo baba yake hakulijua. Baba alitaka kamati imwambie adhabu gani inamfaa.

Hatukuwa na adhabu ya kumpa. Tulimuuliza maswali matatu. Lini mara ya mwisho alitoka na binti yake kwa matembezi? Hakukumbuka. Je, alimweleza sababu ya kumkataza? Alisema mtoto haelezwi sababu. Na kaka yake binti, aliye mkubwa wake kwa mwaka mmoja, usiku ule alikuwa wapi? Akatazama chini. Kaka mtu alikuwa tamashani, kwa ruhusa.

Tunalisema hili kwa uchungu kwa kuwa nyumba hiyo si peke yake. Amri isiyo na mazungumzo humfundisha mtoto kuwa na nguo mbili, moja ya baba na moja ya nje, na mwenye nguo mbili karibu atakuwa na nyuso mbili. Hatusemi kwamba mzazi asikataze. Zipo sehemu na saa ambazo hapana ndiyo jawabu, na mzazi ataulizwa juu ya alichokichunga. Tunasema kwamba hapana iwe na sababu inayotajwa, iwe sawa kwa mwana na binti, na iwe na ndiyo yake pembeni: huko usiende, lakini kesho tutatoka sote.

Baba yule, Mungu amlipe, alikubali. Ijumaa iliyofuata alionekana Forodhani na mkewe na watoto wote wawili, wanakula muhogo wa kuchoma. Binti alivaa dira. Hatukumuuliza kama alilipenda, tulimuona anacheka.

SAHANI NA MFUKO

Kutoka kwa familia nako kuna gharama, na hapa ndipo wengi hukwama. Bustani ya Forodhani, ambayo wazee bado huiita Jamituri, ilitengenezwa upya na kufunguliwa 2009, na kila jioni jua likizama meza hupangwa na moto huwashwa: pweza, kamba, mishikaki, mikate ya ufuta, ile inayoitwa pizza ya Zanzibar, juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Ni neema ya kuonekana na kushukuriwa. Lakini ni bustani inayohudumia pia wageni wenye fedha za kigeni, na asiyekwenda kwa hesabu hurejea kwa majuto.

Nasi tulifikwa. Tuliwachukua jamaa zetu waliotoka Pemba, tukaingia mezani kwa muuzaji mmoja, tukaanza kunyoosha vidole: hiki, na hiki, na kile. Hatukuuliza bei, kwa kuwa kuuliza mbele ya wageni tuliona ni aibu. Hesabu ilipokuja, tulilazimika kumwendea muuza kahawa anayetujua, kumkopa. Aibu ya kuuliza bei ingekuwa ya dakika moja. Ile ya kukopa tunaibeba mpaka leo, na jamaa wa Pemba hawajaacha kuihadithia.

Tangu hapo tumejiwekea kanuni chache nyumbani kwetu, na tunawapa wasomaji wachague zinazowafaa.

Ya kwanza, fedha za matembezi ziwekwe kando kabla ya kutoka, zihesabiwe mbele ya watoto. Tuchukue mfano wa nyumba ya watu sita iliyojiwekea shilingi 30,000. Watoto wakijua kwamba kila mmoja ana 5,000 yake, huanza wenyewe kulinganisha bei na kuchagua, na maombi hupungua bila ya baba kukunja uso. Tembezi moja la namna hii ni somo la hesabu na la uchumi kwa pamoja.

Ya pili, chakula kikubwa kiliwe nyumbani, na nje iwe ni kitu kimoja kimoja cha kufurahia. Aliyekula wali wake baada ya Alasiri atatosheka na bakuli la urojo. Na mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ni kwamba chakula cha wawili kinawatosha watatu. Pizza moja ikikatwa hulisha watoto wawili, na huonekana tamu zaidi kwa kugombaniwa.

Ya tatu, ulizeni bei kabla mshikaki haujakwenda motoni, na samaki aangaliwe kabla ya kuagizwa. Kuuliza ni haki ya mnunuzi na humlinda muuzaji asidhulumu.

Ya nne, mji ni mkubwa kuliko Forodhani. Darajani nyakati za jioni mtu hupata urojo, kachori, bajia, chipsi na mishikaki kwa bei za wenyeji, kwa kuwa wanunuzi wengi ni wenyeji. Mkunazini upo mkahawa wa Lukmaan, ambapo mtu huonyesha anachokitaka, wali wa nazi, samaki wa kupaka, biriani, na familia hukaa bila ya wasiwasi. Wazee wanaotaka mazungumzo kuliko chakula wana kahawa ya vikombe vidogo pale Jaws Corner, na kashata ya kuifutia. Na palipo na vileo mezani, familia ya Kiislamu isikae, hata kama chakula ni rahisi na mandhari ni mazuri.

Ya tano, tukumbuke kalenda. Katika miaka hii Februari imekaribiana na Ramadhani. Fedha inayomalizwa usiku wa tamasha ndiyo iliyokuwa inunue tende, sukari na unga wa futari, na nguo za watoto za Idi. Mwenye kufungua mfuko wake Shaaban na aufikirie mwezi unaofuata, na amfikirie pia jirani ambaye hana mfuko wa kufungua.

SALA NA WAGENI

Februari hapa kwetu Maghribi huingia kabla ya saa moja usiku, nayo ni saa ile ile ambayo Forodhani huanza kuchangamka. Familia inayotoka ipange moja kati ya mawili: isali nyumbani na kutoka baadaye, au iingie katika misikiti ya mjini, ambayo haiko mbali na popote ndani ya Mji Mkongwe. Kinachovunja moyo ni kuona sala inachelewa kwa sababu ya foleni ya chipsi. Watoto hawatakumbuka tulichowaambia juu ya sala; watakumbuka kama tuliacha sahani tukaenda.

Ama wageni, kijana aliyetuuliza kwa nini yeye anasemwa na mgeni haambiwi, tunamjibu hivi: mgeni naye huambiwa. Kamisheni ya Utalii na watembeza wageni huwakumbusha kufunika mabega na magoti wakiwa mjini na vijijini, na sisi tumeweka bango letu. Lakini mgeni amekuja na desturi ya kwao na wewe umelelewa katika hii. Aliyefundishwa huulizwa zaidi ya asiyejua. Kule Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, wenyeji huona si jambo jema nyumba kukosa mgeni wa kula naye. Yapo mengi yanayozungumzwa na masheikh juu ya siku ile, lakini tabia hii ya kumtafuta mgeni ale nawe ni tabia ya Kiislamu, na tungependa kuiona kila mtaa wa Unguja.

Kwa hivyo mwaka huu, mlango wa pili utakuwa wazi tena. Tumebakiwa na kanga tano, na tunaomba kina mama watuongezee, zikiwa nzima na safi. Vijana waliopiga kelele siku ile wametuahidi kujaza mtungi wa maji kila Alasiri, na wamekuja kuahidi wakiwa wamevaa suruali.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuvishe vazi la uchamungu, aturuzuku halali na atujaalie tutosheke nayo, awalinde watoto wetu wanapotoka na wanaporudi, na atufikishe Ramadhani tukiwa na afya na deni lisituwepo. Amin.

Wabillahi tawfiq.